Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: Pongezi kwa Orodha ya Majina 69

Mheshimiwa Gavana,

Pokea pongezi zetu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina 69 ya programu na majukwaa yanayokopesha mtandaoni bila leseni, ikawaasa wananchi wayaepuke. Tangu hapo mama ntilie anayesaka mtaji wa mchele alfajiri ana wajibu mpya wa kitaifa: atafute tangazo la Benki, alinganishe jina lililo kwenye simu yake na yale 69, azingatie kuwa programu inaweza kuzaliwa upya kwa jina jingine wiki ijayo, ndipo akope. Ukaguzi wa sekta ya fedha umeteremshwa hadi jikoni, na mkaguzi hadai hata posho.

Si kwamba sheria hazipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne, VICOBA wakiwemo. Kanuni za kumlinda mlaji wa huduma za fedha zilitoka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo, ingawa wakwe na mabosi wa wakopaji wanaendelea kutumiwa meseji za madeni yasiyowahusu. Upo pia ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, na inaelekea wakopeshaji wa mikopo ya kinyonyaji, maarufu kama kausha damu, wameusoma kwa makini kutuzidi. Tuseme mtu ameomba shilingi 100,000. Anaingiziwa 75,000, kwani 25,000 imeshakatwa kama ada ya uchakataji, na baada ya siku saba anadaiwa 100,000 kamili. Riba hapo ni sifuri! Ikiwa kinachopimwa ni riba peke yake, huyu ni mkopeshaji mwenye huruma kuliko benki zote nchini. Mkopaji, kwa upande wake, amelipia theluthi nzima ya fedha aliyoishika, kwa wiki moja.

Tunajua jibu litakalokuja: mkopaji ni mtu mzima, alibonyeza mwenyewe kitufe cha kukubali, na dawa yake ni elimu ya fedha. Elimu ni jambo jema. Ila haimsaidii mtu kukokotoa gharama ambayo hakuonyeshwa. Lipo jibu lenye uzito zaidi, kwamba masharti makali huwafungia maskini mlango wa mkopo, na ushahidi uko kwa jirani. Kenya iliweka ukomo wa riba za benki mwaka 2016, benki zikawakwepa wakopaji wadogo, na Novemba 2019 ukomo huo ukafutwa. Hoja hiyo tunaikubali, na ndiyo maana hatuombi riba ishushwe hata kwa nukta moja. Tunaomba tarakimu moja tu ioneshwe kwa Kiswahili kabla ya kitufe: jumla ya kurejesha, ikipimwa kwa kiasi kilichoingia mkononi. Mkopeshaji ambaye biashara yake itakufa kwa sababu ya tarakimu hiyo atakuwa ametueleza biashara yenyewe ilikuwa nini.

Kuhusu wale 69 na wadogo zao watakaozaliwa, kuna jambo linalotutatiza. Fedha za programu hizi hazisafiri ndani ya soksi. Mkopo huingia na marejesho hutoka kwa pesa za simu au akaunti ya benki, na watoa huduma hao wote wanasimamiwa na ofisi yako, wale wa malipo wakiwa chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Programu inabadili jina usiku mmoja. Njia ya kukusanyia marejesho ina mmiliki aliyesajiliwa, na yupo aliyempa. Kwa nini basi onyo lipelekwe kwa mama ntilie, asiye na mamlaka ya kufunga chochote, na si kwa mwenye njia hiyo?

Kwa hiyo orodha ijayo ikichapishwa, tunaomba iongezwe safu moja mbele ya kila jina: lipa namba inayopokea marejesho, kampuni iliyoitoa, na tarehe ilipofungwa.

Wako katika marejesho,
Mlaji wa huduma za fedha