Mwongozo kwa Mgeni Anayetafuta Kivuli Kainuk

Umeshuka Kainuk. Gari limetoka Kitale alfajiri, likapita Kapenguria, likateremka Marich, na sasa jua limekaa utosini. Maji ya chupa yako yangetosha kuivisha majani ya chai. Mbele yako kuna mgunga mkubwa uliojitandaza kama mwavuli, na chini yake wanaume wanane wamejilaza, vichwa juu ya vigoda. Katikati yao pana nafasi. Nenda ukakae.

Ndivyo walivyofanya waliokutangulia, na mwongozo huu haukusudii kumvunjia mtu desturi.

Mgunga huo Waturkana huuita ewoi. Huo ulioukimbilia una jina la pili, ekitoe a ngikiliok, yaani mti wa wanaume. Chini yake huamuliwa mifugo ihamie wapi, mahari ya nani imepungua, na nani alipe. Aliyefumba macho usidhani amelala; huyo ndiye anayesikiliza kuliko wote. Kigoda alicholalia ni ekicholong, mto usiku na kiti mchana, nacho hakiazimwi kama kalamu ya benki.

Mimi nilikaa pale katikati, nikajisifu moyoni kwamba nimekaribishwa. Wazee walikuwa wakisogea kidogokidogo, kila mmoja na ekicholong yake, bila kupitana. Saa kumi nikajikuta peke yangu juani. Mzee mmoja akanihurumia: “Kijana wangu, kivuli kimehama. Wewe umebaki na mti.”

Ukishapoa, teremka mtoni. Kando ya Turkwel utakuta msitu usio na ukuta, usio na seng'enge wala bango, nawe utahitimisha upesi kwamba hauna mwenyewe. Shikilia wazo hilo, limewafaa wengi. Kumbe umesimama ndani ya ekwar ya watu. Ekwar ni kipande cha ukingo wa mto pamoja na miti yake. Baba humrithisha mwana, na wakati wa kiangazi boma lao ndilo lenye haki ya maganda ya ewoi. Mchungaji hupandisha fimbo ndefu yenye ndoana, akalishika tawi na kulitikisa. Maganda humwagika yakichakacha, na mbuzi waliokuwa mbali wakisikia mchakacho ule huja mbio, kila mmoja akimkanyaga mwenzake. Usijaribu na fimbo yako. Mbuzi hawatauliza haki hiyo umeipata wapi, lakini mwenyewe atauliza.

Tawi hukatwa kwa ajili ya boma la mbuzi, na kuni ni zile zilizokauka. Shina halikatwi. Edome, mwenye matunda ya rangi ya chungwa, na eengol, mkoma wa vikapu, nao huliwa na kutumiwa kwa adabu. Hata kijiti cha mswaki cha esekon, omba kwanza. Utapewa, tena bure, ila utakuwa umeomba.

Kama umekuja na mradi, usisahau misumari. Nimeona kwa macho yangu bango la kuhimiza watu watunze miti likiwa limepigiliwa kwa misumari ya inchi nne kwenye ewoi ya mtu, bila mwenyewe kuulizwa. Kama umekuja na miche, panda tarehe ya sikukuu, kama ile ya Novemba 13, 2023 Kenya nzima ilipopewa mapumziko ikapande, katika safari ya miti bilioni 15 ifikapo 2032. Piga picha haraka. Usiulize nani atamwagilia Januari. Mbuzi wanaoisubiri miche hiyo nao ni wadau.

Mti mmoja tu unaweza kuufyeka bila kuitwa barazani: etirae, yule mathenge aliyeletwa na wataalamu kuzuia jangwa, akaamua kukaa kabisa. Miiba yake hutoboa tairi, na maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi. Kule Baringo wakazi waliishtaki serikali kwa ajili yake, na mbuzi kibogoyo akaletwa mahakamani kama kielelezo. Ajabu ni kwamba ndio mti usiotamaniwa na panga la mgeni.

Barabarani utaona magunia ya makaa. Hapo panda jukwaani, mhubirie mama anayeuza. Usimuulize mbuzi wake walikwenda na ukame gani au na wavamizi gani. Usitaje bwawa la Turkwel lililokamilika 1991 na kuyafunga mafuriko yaliyokuwa yakinywesha miti ya ukingoni, wala Kakuma, ambako tangu 1992 maelfu ya meko ya wakimbizi yanadai kuni kila siku. Ukimaliza, nunua gunia moja, lifunge juu ya gari, na ukifika nyumbani sema umelipata kwa bei nzuri.

Na ukiwa umekwisha kata ewoi? Usikane, kisiki kinaonekana. Usiseme utapanda mingine kumi. Ewoi hiyo ilikuwa ikilisha mbuzi kabla babu yako hajaoa. Wazee watakaa, watasema kwa zamu, na faini itatajwa kwa mifugo. Kupunguziwa si haki yako, ila ukinyamaza vizuri huenda mmoja akakutetea.

Mbuzi wako atachomwa. Ikiwa ni akiriket, kikao cha wanaume cha kula nyama, watakaa nusu duara kwa ukubwa wao na kwa makundi yao mawili, Mawe kwa Mawe na Chui kwa Chui, kwa maana baba akiwa Jiwe mwanawe huwa Chui, na mjukuu hurudi kuwa Jiwe. Wewe si hiki wala kile. Utaonyeshwa mahali mwishoni kabisa mwa mstari, ambako kivuli kinaishia, na kipande cha nyama kitakufikia kikiwa kimepita mikononi mwa wote. Pokea kwa mikono miwili. Kivuli kikihama, angalia wanavyosogea.