Makosa Saba ya Waandishi wa Vipimo vya Seva, Tukihesabu Kushuka

Ethan Galstad alipoitoa Nagios, programu ya kufuatilia afya ya seva, mwaka 1999, wakati huo ikiitwa NetSaint, masharti yake yalikuwa mepesi mno, na bado ni mepesi. Andika skripti kwa lugha yoyote, ichapishe mstari mmoja, kisha itoke na namba: 0 ni shwari, 1 ni onyo, 2 ni hali mahututi, 3 ni sijui. Icinga na Checkmk nazo zinazielewa namba hizohizo. Kwa masharti mepesi hivyo, kila mtu ni mwandishi. Ndiyo shida yenyewe.

7. Asilimia kila mahali
"Diski ikifika asilimia 90, niamshe." Haya. Kwenye mashine pepe ya GB 20 zimebaki GB 2, na logi moja iliyochachamaa itazimaliza kabla hujapata nywila. Kwenye hifadhi ya TB 10 imebaki TB nzima, nawe umeamshwa saa nane usiku kuambiwa kwamba wewe ni tajiri.

6. Kusahau inodi
Nafasi ipo tele, lakini seva inaapa kwamba diski imejaa. Vifaili vya sesheni vimemaliza inodi. `df -i`, ndugu yangu. Ni herufi moja tu.

5. Kuililia ramu
Linux ikiona ramu imekaa bure huitumia kutunza mafaili yaliyosomwa karibuni, na ukiihitaji inakurudishia. Skripti inayosoma MemFree itapiga mayowe kila siku ya Mungu. Soma MemAvailable, iliyomo ndani ya `/proc/meminfo` tangu kernel 3.14 ya mwaka 2014. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ana umri wa kuicheka skripti yako.

4. Kuiuliza mashine pepe habari za nyumba nzima
Haizijui. Inachojua ni kwamba leo mambo ni mazito. Kama iko juu ya KVM au Xen, fungua `top` utazame `st`: huo ni muda ambao mashine yako ilitaka kichakataji na mwenyeji akampa jirani. Ikipanda na kukaa juu, acha kuitesa database, haina kosa. Pima `st`, na pima wastani wa dakika kadhaa, maana kuruka kwa sekunde moja hakumuui mtu.

Snapshoti nazo hazionekani kutoka ndani; sharti umuulize mwenyeji. VMware wenyewe wanashauri snapshoti isizidi saa 72. Sasa nenda katazame ile iliyoandikwa "kabla ya maboresho, USIFUTE". Salimia.

3. Kipimo kisichojua kuondoka
Skripti inagusa saraka ya NFS iliyoganda, nayo inaganda. Baada ya dakika chache inakuja ya pili, ya tatu, ya hamsini. Seva haikufa kwa ugonjwa, imeuawa na madaktari. Tanguliza `timeout -s KILL 10` mbele ya amri. Ukiomba kwa upole, mchakato unaoisubiri NFS unaweza usikusikie.

2. Kubahatisha namba ya kutokea
Skripti ya Python ikianguka kwa hitilafu isiyoshughulikiwa hutoka na 1. Yaani onyo! Haijapima kitu, skrini ya ukutani imegeuka njano, na mtu anasema tutaangalia Jumatatu. Bash ni mnafiki zaidi: malizia skripti kwa `echo` na itatoka na 0, hata kama amri zote za juu zimefeli. Kijani kibichi kabisa. Ukipitisha matokeo kwenye bomba hadi `grep`, namba unayopata ni ya `grep`, isipokuwa umeweka `pipefail`.

Anza na 3. Kipimo kisitamke 0 mpaka kiwe na ushahidi mkononi. "Sijui" ni jibu la mtu mzima.

1. Kupima kama kazi iliendeshwa, si kama ilizaa
Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta saraka ya database kwenye seva isiyo yenyewe. Katika GB 300 hivi zikabaki kama 4.5. Wakakimbilia bakapu: ndoo ya S3 tupu. Programu ya `pg_dump` iliyokuwa ikitumika ilikuwa toleo la 9.2, database ni 9.6, kwa hiyo ilifeli. Barua pepe za kuonya? Zilitumwa, zikakataliwa kwa sababu ya kanuni za DMARC. Kilichowaokoa ni snapshoti iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Yote haya wameyaandika wenyewe hadharani, heshima kwao.

Kipimo ambacho kingewashtua hakizidi mistari kumi. Tafuta bakapu mpya kuliko zote: haipo, 2; ina zaidi ya saa 26, 2; ni ndogo kuliko nusu ya iliyotangulia, 2; ndoo haifikiki, 3. Saa 26 kwa sababu bakapu ya usiku huchelewa kidogo na hakuna haja ya kugombana nayo. Kiendeshwe kwenye mashine tofauti na ile inayotengeneza bakapu, na king'ora chake kilie kwenye simu. Barua pepe mpelekee bosi, yeye huwa anazisoma.