Sifa za Bei Isiyoshikika

Sisi tuliokuwa watoto Tanzania mwaka 1983 tulifundishwa kumwogopa mlanguzi kuliko simba. Redioni alitajwa, gwarideni alitajwa, na mwenye magunia mawili ya sukari uvunguni alilala macho wazi. Msomaji anisamehe basi nikitetemeka kidogo ninaposimama leo kumsifu mlanguzi. Tena si yule wa sukari, ambaye angalau huuza kitu kinacholiwa, bali yule anayeuza nishani za vita vya zamani kwa bei isiyoshikika. Majemadari wamesifiwa, farasi wao wamesifiwa, hata panga zao zimesifiwa. Bei peke yake ndiyo haijapata mshairi. Nami mshairi si mimi, lakini nitafanya niwezavyo.

Tuanze na kitu chenyewe kabla Bei haijakigusa. Msalaba wa Victoria ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani huko Uingereza, tangu mwaka 1856. Ni kipande cha shaba kisichofika gramu 30. Husemwa kwamba shaba yake hukatwa kwenye mizinga ya Warusi iliyotekwa Sevastopol. Waliochunguza wakasema baadhi ya mizinga hiyo inaonekana kutoka China. Warusi au Wachina, mpelekee muuza vyuma chakavu mwenye mizani, atakupa hela ya vocha. Serikali nayo ilikuwa na mizani yake: askari wa kawaida aliyevishwa Msalaba aliongezewa pauni 10 kwa mwaka. Hiyo ndiyo hesabu ya ushujaa ilivyokuwa mpaka Bei ilipoingia mlangoni.

Mchukue baharia James Magennis wa Belfast. Julai 1945, katika mlango-bahari wa Johor karibu na Singapore, alitoka ndani ya nyambizi ndogo iliyojipenyeza chini ya meli ya kivita ya Wajapani, Takao, ili akabandike mabomu. Tumbo la meli lilikuwa limeota magamba ya bahari. Wavuvi wetu wanaopandisha chombo mchangani kukikwangua wanaijua kazi hiyo, na wao huifanya wakivuta hewa ya Mungu. Magennis aliifanya majini kwa nusu saa hivi, kifaa chake cha kupumulia kikivuja, mikono ikichanika. Akarudi hoi. Kisha akatoka tena, kwa sababu kuna chombo kilikuwa kimekwama na lazima kinasuliwe. Akavishwa Msalaba, Belfast ikamchangia fedha, fedha zikaisha. Miaka ya 1950, kwa dhiki, akaiuza nishani yake. Inasimuliwa alipewa pauni 75.

Mwaka 1986, mwaka uleule aliofariki, Msalaba wake ulipigwa mnada London kwa pauni 29,000. Aliyeununua, tajiri Michael Ashcroft, akanogewa, na leo mkusanyiko wake umepita Misalaba 200. Tazama basi Bei ilivyo na adabu: ilimngoja mzee azikwe kwanza ndipo ikapanda, isije ikamsumbua uzeeni na mambo ya benki.

Asiyejua mnada wa nishani na afikirie taarabu. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti wenye mwiba, mama mmoja huinuka na noti mkononi, akacheza taratibu mpaka jukwaani. Hamtuzi mwimbaji, anampelekea salamu mwenzake aliyekaa meza ya pili. Na wa meza ya pili hawezi kubaki kitini. Bei haihitaji umati, inahitaji watu wawili wasiosalimiana. Sydney, mwaka 2006, Msalaba wa Kapteni Alfred Shout, aliyekufa kwa majeraha ya Gallipoli mwaka 1915, ulifika dola za Australia milioni 1.2, pamoja na ada ya mnada. (Ada hiyo ni utamu wa peke yake: nyundo ikishagonga, na wewe ukishajiona mshindi, unaongezewa asilimia 20 na ushee ili usisahau ulikuwa wapi.) Aliyeununua, Kerry Stokes, aliutoa zawadi kwa makumbusho ya vita ya Canberra, ambako ukaikuta Misalaba minane mingine ya Gallipoli. Sijui ni mlo gani wa hisani uliowahi kuanza na uhasama mtamu kiasi hicho.

Bei pia ina macho makali kuliko mwanahistoria. Weka mezani nishani mbili za fedha za Vita Kuu ya Kwanza: uzito mmoja, sura ya mfalme mmoja, na ukingoni jina, namba na kikosi cha mwenyewe. Mmoja aliuawa tarehe 30 Juni 1916. Mwingine aliuawa kesho yake, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Waingereza 19,240 walipopoteza maisha kabla jua halijazama vizuri. Wa pili ni ghali zaidi. Ama yule aliyerudi nyumbani, akalima viazi na kuzeeka na kikohozi chake, huyo ni bei chee, mchukue na wenzake kwa fungu. Ndivyo ilivyo hata kwenye vita vya Wazulu vya 1879: aliyekuwa ndani ya kituo kilichozingirwa cha Rorke's Drift usiku wa 22 Januari nishani yake haishikiki, aliyefika asubuhi na msafara wa kuwaokoa, nishani ileile, ana bahati akiulizwa jina. Nani mwingine, nauliza, amewahi kuwaambia marehemu kwa tarakimu kwamba walikufa siku nzuri?

Wapo wanaolalamika kwamba zamani nishani zilinunulika. Hao wamesahau zamani ilivyokuwa. Nishani ya Vita ya Uingereza ilitolewa kwa fedha halisi, karibu milioni sita na nusu, na kwa miaka mingi ilikuwa bei ya kutupa. Kiswahili chetu, kwa busara yake, kinayaita madini na pesa kwa jina moja, fedha. Na Januari 1980 dunia nzima iliongea Kiswahili. Fedha ilikaribia dola 50 kwa aunsi, uzito wa nishani ukawa na thamani kuliko aliyeivaa, na nishani zikamiminwa kwenye vyungu vya kuyeyushia, majina na namba na vikosi vikiwa ukingoni. Mwenzake, Nishani ya Ushindi, alikuwa wa shaba. Hakutamanika, akanusurika. Ndiyo maana makabatini leo kuna shaba nyingi zilizofiwa na fedha zao, na wakusanyaji wanaozunguka miaka na miaka wakitafuta nusu ya pili ya mtu mmoja. Ukiipata, usimwambie muuzaji kwamba unayo nusu ya kwanza. Uso ukikuchangamka tu, Bei imeshaamka.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha shaba nyingine. Nishani hiyohiyo ya Vita ilitolewa ya shaba pia, kama 110,000, kwa wachukuzi na wafanyakazi wa vikosi vya kazi, Wachina, Wahindi, Wamalta na wengineo, watu walioonekana kwamba fedha ingewapita kimo. Kwa kuwa ni chache, sasa mkusanyaji hulipia shaba ya mchukuzi zaidi ya fedha ya bwana wake. Bei imefanya mapinduzi bila risasi! Kasoro yake ni moja. Serikali ya Afrika Kusini ilikataa askari-kazi wake weusi kupewa hata hiyo shaba, na zaidi ya 600 miongoni mwao walizama na meli ya Mendi tarehe 21 Februari 1917. Hapo Bei hupiga kimya. Kisichotolewa hakipandi.

Sisi wa pwani tunadaiwa nayo shukrani ya pekee. Iko nishani ya Waingereza ya vita vya Afrika Mashariki na Magharibi, nayo kwenye utepe wake huvaa vipande vya fedha vyenye majina ya mapigano. Kimoja kimeandikwa Witu 1890. Kingine Witu, Agosti 1893. Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid iliyovamiwa 1895, haikupata hata kipande, iliandikwa ukingoni. Watoto wetu wangapi wanaweza kukuonyesha Mwele ilipokuwa? Lakini yuko mzee mstaafu katika kijiji cha Uingereza, hajawahi kukanyaga Lamu wala Kwale, anayejua Witu iliteketezwa mwezi gani, meli zipi zilileta wanamaji na walitembea jua lipi. Anajua kwa sababu amelipa, na aliyelipa husoma. Moshi wa Witu ulipanda bure. Leo una bei, na huyo mzee anauvuta polepole jioni akiwa na miwani yake ya kukuzia.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sitaficha kwamba Bei, baada ya sifa zote hizi, imewapa kazi mafundi wa aina fulani. Fundi huchukua nishani ya karani asiye na sifa, akalikwangua jina lake ukingoni, akachonga la shujaa. Ila chuma hakina ukarimu: aliyekwangua amepunguza. Nishani ya milimita 36 inabaki na upungufu wa unywele, na hivyo mkusanyaji wa leo huenda mnadani na kalipa mfukoni kama fundi wa mabomba, akipima kipenyo cha mashujaa mmoja baada ya mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga wa maduka ya jumla. Huku daftari ndilo linalouzwa, na mali hutolewa kama nyongeza.

Nami sikuishia kusifu tu, nilijaribu bahati yangu. Babu alikuwa askari wa Keya, akapigana Bama, akarudi na nyota ya shaba ya pembe sita yenye utepe wa buluu, mwekundu na rangi ya chungwa. Anayo shangazi. Nikampelekea picha mpenzi mmoja wa mambo haya, mtu wa heshima, akajibu haraka. Nyota ni halali, akasema, lakini Waingereza nyota zile za vita vya pili hawakuziandika majina, kwa hiyo haiwezi kusema ni ya nani. Pauni 20, labda.

Nikaenda kumweleza shangazi. Alipokwisha kuitikia shikamoo yangu aliuliza pauni 20 ni kiasi gani hapa kwetu. Nikamwambia kama kilo tano za nyama.

"Bama yote ile?"

"Haina jina, shangazi."

"Jina si ninalo mimi."

Akaiangalia pande zote mbili, akaukunja utepe, akairudisha kwenye kopo la biskuti kati ya vifungo na sindano, akakandamiza kifuniko. Kisha akanivuta karibu na kuniagiza, kwa sauti ya chini ingawa nyumbani tulikuwa wawili tu, kwamba bei ikibadilika nisimwambie kaka yangu.