Sifa za Neno "Fire"

Neno la Kiingereza "fire" lina zaidi ya miaka elfu moja kazini na halijawahi kuomba likizo. Asili yake ni jina la moto tu. Lingeweza kuridhika na jiko na msitu, lakini limejitwika majukumu ambayo lugha nyingine huyagawa kwa maneno manne au matano.

Fadhila zake ndogo hazihitaji maelezo marefu. Ni fupi. Mfinyanzi hulitumia anapochoma vyungu, kocha anapowatia wachezaji ari, wakili anapommiminia shahidi maswali. Kiswahili cha mitaani kimelikopa likawa "faya", yaani gari linalokuja kuuzima huo moto.

Fadhila yake kuu ni kubana matumizi. Bunduki za kale zililipuliwa kwa utambi uliogusishwa kwenye baruti, hivyo kupiga risasi kukaitwa kutia moto. Utambi ulitoweka, amri ikabaki. Leo sauti moja ya neno hilo yatosha kumfanya askari afyatue risasi, jirani akimbilie ndoo, na karani akusanye vitu vyake mezani. Amri moja, watekelezaji watatu, gharama pumzi moja: wizara yoyote yenye bajeti finyu ingepaswa kulichunguza. Ni kweli kwamba wasikilizaji hao wakikutanishwa ukumbi mmoja, moto waweza kupigwa risasi na mwenye ndoo akapoteza ajira. Lawama hapo ni ya wasikilizaji.

Maana ya kuachisha kazi ilienea Marekani katika miaka ya 1880. Kiingereza kilikuwa tayari na kitenzi kingine, "discharge", chenye maana ya kufyatua bunduki na pia ya kumwondoa mtu kazini. Yaelekea watani waliona kwamba maneno yaliyolingana kwenye bunduki hayana sababu ya kutofautiana ofisini. Hivyo mfanyakazi akapandishwa hadhi ya risasi: hutoka kwa kishindo, harudi, na aliyemfyatua hubaki na bunduki.

Kiswahili hakina adabu hiyo. Hapa mtu hupigwa kalamu, na silaha imetajwa. Au unga wake humwagika, na hasara imetajwa. Labda ndiyo maana waajiri wengi hawakitaki siku ya kuagana. Hata "fire" lenyewe wameliona lina joto mno, wakalibadilisha kwa Kiingereza cha "muundo mpya" na "mahitaji ya kiutendaji". Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilidai sababu halali, utaratibu wa haki, na notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mafumbo haikuyadai; hayo waajiri huyatoa kwa hiari. Mtu aliyehojiwa kwa Kiswahili, akatumwa kwa Kiswahili na kufokewa kwa Kiswahili, hufukuzwa kwa Kiingereza.

Anayeona ameonewa ana siku 30 za kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku za mwanzo huenda zikaishia kumtafuta mtu wa kumfafanulia kwamba ile barua ya kurasa mbili, yenye shukrani nyingi na kumtakia kila la heri, maana yake ni hilo neno moja.