Waliosema ni Somo Dogo

Kama kuna mtu anayestahili kushtakiwa nchi hii, ni yule aliyeamua kuwa chuoni kuna somo kubwa na somo dogo, meja na maina. Meja yangu ni uhasibu, na haina matata: hesabu zikikataa unazirudia mpaka zikubali. Maina yangu ni Kichina na Kijapani pamoja na utamaduni wao, na hiyo ndiyo inayonikondesha.

Kwanza, nani aliwaambia wazifunge lugha mbili kitita kimoja? Wakubwa wa chuo waliona hawa ni majirani, herufi zao zinafanana, wakasema basi, watoto watazimaliza zote mbili kwa ada moja. Majirani gani! Wajapani walichukua herufi za Wachina zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wakaona haziwatoshi, wakajitungia na zao, seti mbili, kila seti ina herufi 46 za msingi. Kuanzia 1946 wakaanza kuzirahisisha zile za Kichina. Mwaka 1956 Wachina nao wakaamua kuzirahisisha, kwa njia yao, bila kuulizana na jirani. Sasa joka moja lina maandishi matatu: ya Beijing, ya Tokyo, na yale ya zamani ambayo Taiwan walikataa kuyaacha. Na huko ni kurahisisha! Wangekusudia kutukomoa sijui wangefanyaje.

Orodha ya serikali ya Japani ya herufi za matumizi ya kawaida, ya mwaka 2010, ina herufi 2,136. Ukishaijua sura ya herufi hujamaliza, maana moja huwa na matamshi kadhaa. Jumapili yao huitwa nichiyobi. Herufi ya mwanzo wa neno hilo na ya mwisho wake ni ile ile, ila mwanzoni husomwa nichi na mwishoni husomwa bi. Nilipomuuliza mwalimu kwa nini, alitabasamu na kuinama. Watu hawa wakikuinamia, ujue hakuna jibu.

Halafu kuhesabu. Vitu virefu vyembamba vina hesabu yake, vitu bapa vina yake, wanyama wadogo wana yao, wakubwa wana yao, na sungura anahesabiwa pamoja na ndege. Kalamu moja ni ippon, mbili ni nihon, tatu ni sanbon. Na asije mtu hapa kunikumbusha ngeli. Ngeli nilizikuta nyumbani, sikuzilipia ada.

Ukija kwenye utamaduni, ni kukatazwa tu. Usisimamishe vijiti katikati ya bakuli la wali, kwa sababu huo ni wali wa marehemu. Usimpe mwenzako tonge kutoka vijiti hadi vijiti, kwa sababu Wajapani hupokezana hivyo mifupa baada ya kuchoma maiti. Lakini tambi za mchuzi ruhusa kuzifyonza kwa kelele, jambo ambalo kwetu Mombasa lingekupatia kofi kabla hujameza. Likizo iliyopita nilijaribu kufanya mazoezi ya vijiti kwenye pilau. Mama alinitazama hadi punje ya tatu ilipodondoka, akauliza, "Kwani mikono umeiacha Nairobi?"

Mama huyu huyu alitaka kujua nimefika wapi. Nikamweleza kuwa mtihani wa Kichina nimepita ngazi ya 1 na wa Kijapani ngazi ya N5. Alifurahi sana kwamba Kichina nimekuwa wa kwanza, akanisihi nijitahidi kwenye Kijapani nilikokuwa wa tano. Ukweli ni kwamba zote mbili ndizo ngazi za chini kabisa. Wachina wanahesabu kwenda juu, Wajapani wanahesabu kwenda chini hadi N1. Sikumweleza. Ada ya muhula ilikuwa bado haijatumwa.

Lakini haya yote ni afadhali kuliko kazi ninazopewa. Kumbe ukisoma lugha ya watu, kila kitu kilichotoka kwao kinakuwa juu yako. Bibi ananiletea chupa ya dawa ya Kichina ya magoti. Naigeuza, natafuta herufi ninayoijua, naipata. "Bibi, hapa pameandikwa maji." "Maji nayaona, mjukuu wangu. Nauliza inapakwa au inanywewa?"

Ami naye ana gari kuukuu lililoshushwa Kilindini kutoka Japani. Kila akiliwasha, sauti ya mwanamke huongea mle ndani kwa adabu kubwa, na ami kwa miaka alikuwa akiitikia "amin", akijua ni dua ya safari. Nilipomwambia kwamba mama yule anasema kadi ya kulipia barabara za huko haijatiwa, akawaka. "Kadi gani tena? Mwambie ushuru nimelipa bandarini!" Nimwambie nani?

Ami anaamini kazi yangu ni nyepesi kwa sababu sisi na Wachina tumejuana zamani: twiga wa Malindi alipelekwa kwao 1415 na mfalme Yongle akampokea kwa heshima. Ni kweli, ila twiga yule hakudaiwa cheti cha lugha.

Na kinachoniuma hasa ni kwamba wenzetu walishatutangulia. Redio ya Wachina ilianza kututangazia kwa Kiswahili mwaka 1961, na redio ya taifa ya Japani nayo ina Kiswahili chake. Vyuo vya Beijing na Osaka vinafundisha Kiswahili, si kama kionjo, ni meja!

Juzi ami alinipeleka dukani kwa Mchina kununua pampu ya maji, nimpunguzie bei. Njia nzima nilikuwa naipanga sentensi yangu, kila toni mahali pake. Nikaitoa yote. Mwenye duka alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, akamgeukia ami. "Shikamoo, mzee. Pampu ni ya kisima au ya tangi?"

Wakavutana bei. Ami akataja yake, yule bwana akashika kichwa: "Mzee wangu, hapo hata nauli ya matatu hujaniachia!" Ami akacheka mpaka akaongeza.

Tulipotoka akaniuliza, "Na huyu naye alisomea maina?"

"Sijui, ami."

"Haya, shika upande huo tuipakie. Angalau hiyo hufundishwi."