Keki ya Milioni Moja na Laki Nane

Mwenyekiti wa kamati ya harusi hakuwahi kuhojiwa habari za kiti mpaka siku taarifa ya kikao ilipoingia kwenye simu za wanandugu. Katika faili hilo la PDF, lililotumwa kutoka kata ya Buganguzi, wilayani Muleba, likasambaa mpaka Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam, cheo chake kilisomeka "Mwenye kiti". Wajumbe wawili ambao ni walimu walikuwa "wali mu". Na kwenye bajeti, keki ilionekana kugharimu shilingi 1,800,000.

Kundi la WhatsApp likawaka moto. Shangazi wa Mwanza aliuliza kama keki hiyo itakuja na dereva wake. Mjomba wa Dar es Salaam, ambaye hadi siku hiyo hakuwa ametoa hata mia, alidai aone mapato na matumizi. Jamaa mmoja ambaye hakuna aliyejua nani alimwingiza kundini akauliza huo wali utaliwa na mboga gani.

Katibu wa kamati, mwalimu mstaafu, aliapa kwamba kwenye kompyuta kila kitu kilikaa sawasawa. Hakusema uongo.

Wahaya, ambao nchi nzima huwatania kwa jina la nshomile, yaani wasomi, hawakosi wataalamu. Kabla chai haijapoa, kila mjumbe alikuwa na maelezo yake. Mweka hazina alishika kwamba ni bando: faili zito likipita kwenye mtandao dhaifu, herufi nyingine hudondoka njiani. Kijana wa steshenari iliyoligeuza faili alisema ni virusi, jibu ambalo kwake linatosha pia printa ikikwama na umeme ukikatika. Mzee mmoja alisema enzi zake taarifa ilisomwa kwa sauti chini ya mti, na keki haikuwepo.

Waliobuni PDF hawakuwa na nia ya kugombanisha ukoo. John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Adobe ya Marekani, aliandika wazo lake mwaka 1991 na kulipa jina la Camelot. PDF yenyewe ikatoka mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 32000. Shabaha ilikuwa moja: waraka uonekane vilevile kwenye mashine yoyote, mbele ya mtu yeyote.

Ili kulitimiza hilo, PDF haijali sana aya wala sentensi. Inajali mahali. Ukurasa wa A4 una upana wa pointi 595 na urefu wa pointi 842, kwa hesabu ya pointi 72 kwa inchi moja, na kila fungu la herufi hupangiwa sehemu yake humo: wewe anzia hapa, wewe pale. Faili la Word lina tabia nyingine kabisa. Mistari yake hupangwa upya kila linapofunguliwa, kwa kutegemea fonti zilizopo kwenye kompyuta hiyo. Likishageuzwa PDF huwa kama senene waliokwisha kukaangwa: hawaruki tena, na kama chumvi ilizidi, imezidi.

Chumvi ya katibu ilizidi kwenye spesi.

Katibu alijifunza kuchapa kwa taipureta, na kwenye taipureta herufi zote na spesi zote zina upana mmoja. Ukitaka tarakimu zisimame kwenye safu, unahesabu spesi na safu inanyooka. Alipohamia kwenye kompyuta ya bintiye alihama na ujuzi wake wote. Baada ya kila kitu kwenye bajeti alibonyeza spesi mfululizo mpaka bei ikafika alipopataka, kisha akaegemea kiti na kuridhika.

Lakini spesi ya kompyuta haina upana mmoja kwa fonti zote. Kwenye Calibri, iliyokuwa fonti ya kuanzia ya Word tangu toleo la 2007 hadi Microsoft ilipoileta Aptos mwaka 2023, spesi ni kama asilimia 23 ya ukubwa wa maandishi. Kwenye Arial ni karibu asilimia 28. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini panga spesi 40 kwa maandishi ya pointi 12 na tarakimu inasogea karibu milimita 9 kulia. Taarifa iliandikwa kwa Calibri, ikapanda pikipiki ndani ya flashi, ikafunguliwa kwenye kompyuta ya steshenari isiyo na Calibri. Mashine haikupiga kelele. Iliokota fonti nyingine iliyo pana zaidi na kuendelea na kazi.

Mstari mrefu kuliko yote ulikuwa wa nyama, kwa sababu katibu aliona ni adabu kufafanua: ng'ombe, mbuzi wa wakwe, na kuku wa wasiokula mbuzi. Bei yake ikakosa nafasi ukingoni, ikaangukia mstari wa chini peke yake, juu kabisa ya neno "keki". Bei halali ya keki nayo ikasukumwa mbali kulia, wapenda kusoma harakaharaka wasikoangalia.

Cheo cha mwenyekiti kiliharibiwa na jambo lingine. PDF iliyo kamili hubeba fonti zake ndani, ili simu ya Mwanza ichore herufi zilezile za Muleba. Programu ya kugeuzia iliyotumika ilikuwa imewekwa kupunguza uzito wa faili, kwa hiyo fonti ziliachwa nje. Simu ikipokea faili la namna hiyo hutafuta fonti inayofanana na kuzipanga herufi ngeni kwenye sehemu zilizopimwa kwa herufi za mwanzo. Herufi nyembamba ikikaa kwenye nafasi ya herufi pana, pengo linatokea katikati ya neno, na walimu wanakuwa chakula. Kikagua tahajia hakimwokoi mtu hapo. Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kompyuta imezidi kukifahamu Kiswahili, lakini hata anayekifahamu vizuri haoni kosa kwenye "mwenye" wala kwenye "kiti".

Yote hayo yangeweza kuisha kwa vicheko. Likaja suala la barua ya mgeni rasmi.

Faili la Word la barua hiyo lilikuwa limepotea, imebaki PDF peke yake. Kijana wa steshenari akasema hilo ni dogo, akairudisha PDF kuwa Word ili abadilishe tarehe. Asichokijua ni kwamba ndani ya PDF spesi wakati mwingine haipo kama herufi. Kilichopo ni umbali tu kati ya neno na neno, na programu ya kurudishia inabidi ikisie: umbali mkubwa ni spesi, mdogo si kitu. Ikikosea, maneno yanaungana. Kwa lugha kama Kiingereza matokeo yake ni upuuzi unaoonekana mara moja. Kwa Kiswahili, lugha inayobeba mtendaji na mtendwa ndani ya neno moja, matokeo yanaweza kuwa sentensi kamili yenye madhara.

Katibu alikuwa amemwandikia mama mmoja mfanyabiashara wa Bukoba kwamba kamati inatambua moyo wake wa kusaidia na kupenda sana maendeleo ya vijana. Barua iliyochapishwa ilisema inatambua moyo wake wa kusaidia nakupenda sana. Neno "maendeleo" lilishukia mstari wa pili, kana kwamba limeona aibu.

Aliyeisoma kwanza alikuwa mke wa katibu.

"Baba watoto," alisema, akiishika kwa vidole viwili, "huyu ni mgeni rasmi wa nani?"

Kesho yake asubuhi katibu alikuwa steshenari mara tu ilipofunguliwa. Ndani alimkuta kijana, printa iliyokwama, na binti mhitimu aliyekuwa akipanga viambatisho vyake vya PDF vya kuombea kazi kupitia Ajira Portal. Watu wa aina yake wanajua PDF kuliko wenye maduka, kwa kuwa barua yao ikivurugika hakuna shangazi wa kuuliza.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba nibonyeze kitu hapo, waitu."

"Marahaba, mwanangu. Bonyeza."

Kwenye faili la Word la taarifa, binti alibonyeza alama ya ¶ juu ya ukurasa. Bajeti yote ikajaa vitone vidogo, kila kitone spesi moja, vimetanda kutoka "ndizi" mpaka "usafiri". Katibu alivitazama kimya. Binti akafuta vitone vyote, akaweka jedwali la safu mbili na kuzipanga tarakimu kulia. Aya akazipanga kushoto badala ya kuzinyoosha pande zote mbili, kwa sababu maneno marefu kama "watakaoshughulikia" yakikosa nafasi huhamia mstari wa chini na kuacha mabonde kati ya maneno yaliyobaki. Akakuta pia ukurasa umewekwa kwa karatasi ya Letter ya Kimarekani, ya milimita 216 kwa 279, akairudisha A4. Kisha akageuza faili kwa amri ya kuhifadhi kama PDF iliyomo ndani ya Word, akalifungua tena na kukagua orodha ya fonti kwenye sifa za faili. Zote zilikuwa zimefungiwa ndani. Mwisho akalituma kwenye simu ya kijana kwanza, wakalitazama wote watatu.

Lilikuwa zuri. Mwenyekiti alikuwa neno moja. Nyama ilikuwa 1,800,000 na keki 250,000, ndizi 600,000, pombe ya rubisi 350,000, muziki 500,000, usafiri 700,000, kila tarakimu chini ya mwenzake, na jumla imekolezwa wino: 4,700,000.

Katibu alilirusha kundini kwa fahari. Shangazi wa Mwanza akashukuru. Mwenyekiti akaweka alama ya dole gumba. Mjomba wa Dar es Salaam alichelewa kidogo kujibu, maana sasa tarakimu zilikuwa zimenyooka kiasi cha kujumlishika kwa macho.

"Sasa nasoma vizuri," aliandika. "Kwa hesabu yangu hiyo ni milioni nne na laki mbili. Laki tano iliyozidi ni ya nini?"

Mweka hazina akajibu kwamba ni bando.