Maombi ya Kazi Ambayo Haijatangazwa

Kata ya Pito,
Manispaa ya Sumbawanga,
Rukwa.

Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MTETEZI WA WATU WANAOISHI NA UGONJWA WA ALZHEIMER, KATA YA PITO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba kazi ya utetezi. Najua nafasi hii haijatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, haina ngazi ya mshahara, haina hata kiti, na kwa sababu hiyo naiomba bila hofu ya kushindanishwa na mtoto wa mkubwa. Sifa ninazo mbili: najua kusoma, na najua kuhesabu njiti za kiberiti hadi nne. Hiyo ya pili nitaieleza kwa kirefu huko mbele, maana ndiyo yenye uzito. Kwanza niombe radhi kwa anwani. Ilinitatiza. Bibi akiugua ni wa wizara yako. Akiwa mzee tu bila kuugua ni wa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyotenganishwa na yako Januari 2022. Zahanati anayopelekwa iko chini ya TAMISEMI. Bibi mmoja, wizara tatu, na kila moja inaamini yuko kwa mwenzake. Ng'ombe wake ana wizara moja tu, na inamjua kwa chanjo na kwa hereni ya sikioni.

Jina la mji wetu, kwa jinsi wazee wa Ufipa wanavyolifafanua, ni amri: sumba wanga, tupa uchawi. Watani wetu wa mikoa mingine wanadai amri hiyo haikutekelezwa, na radi ikipiga popote nchini wanauliza kama imetumwa kutoka huku. Tumezoea, utani wa radi haujamchoma mtu. Lakini kuna neno linalofanana na jina hilo ambalo si la utani, nalo ni kuwanga. Chukulia mwanamke wa miaka 78 anaamka saa nane za usiku akiamini kumekucha na matuta yanamsubiri shambani. Anafungua mlango, anatoka. Njia aliyoipita tangu usichana wake imefutika kichwani, kwa hiyo anaishia uani kwa watu. Kanga imedondoka njiani na hajui kama imedondoka. Alfajiri anakutwa amesimama kando ya ghala la mahindi, baridi ya Ufipa inamtetemesha, na akiulizwa katoka wapi anamtaja mumewe aliyezikwa zamani. Daktari anaweza kueleza kila kipande cha tukio hilo: ugonjwa wa Alzheimer huwahi kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya na kumbukumbu ya mahali, na saa ya mwili huvurugika hata usiku ukageuka mchana. Maelezo hayo ni marefu, nasi tunalo la mkato: anawanga. Tena kwa kuwa kakutwa bila nguo, tutaongeza kuwa ungo umemdondosha.

Usidhani Serikali imemtupa bibi huyu. La hasha. Ipo Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa na Mwingereza mwaka 1928 na kutunzwa vizuri na sisi, inayompa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu anayetuhumiwa uchawi akaishi mahali atakapopangiwa. Akituhumiwa, basi, bibi ana sheria, ana ofisi ya kumshughulikia, ana gari lenye bendera. Akiwa mgonjwa ana Mungu na mkwe wake. Na mikoa ya Kanda ya Ziwa inajua tuhuma hiyo huishia wapi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeyaandika mauaji ya vikongwe katika taarifa zake mwaka baada ya mwaka. Sidai kwamba kila aliyekatwa panga alikuwa na Alzheimer. Wengi macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni tu, na wengine walikuwa na shamba ambalo mtu alilitamani. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani hakina pa kupingwa: ugonjwa ambao dalili zake ni kutembea usiku, kusema peke yako, kumsahau mwanao na kushindwa kujieleza hauwezi kuachwa bila jina katika nchi ambayo dalili hizo tayari zina jina jingine.

Najua jibu nitakaloletewa kwanza, maana hutolewa hata kwenye benchi la zahanati: huo ni uzee tu, mzee amerudi utotoni. Ni jibu zuri, halihitaji dawa, daktari wala bajeti. Linagongana na hesabu tu. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 uliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Demensia, lile kundi la magonjwa yanayodhoofisha akili na kumbukumbu, ambalo Alzheimer ndiyo kubwa lao, ilikadiriwa kuwapata asilimia 6.4. Kama ni uzee tu, hao zaidi ya 90 katika kila 100 wanangoja nini? Tena Auguste Deter, mgonjwa aliyemfanya daktari Alois Alzheimer autangaze ugonjwa huu mwaka 1906, alipokelewa hospitalini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51, umri ambao hapa kwetu mtu bado anagombea udiwani. Umri unaongeza hatari, sibishi. Unaongeza pia hatari ya kuvunjika nyonga, lakini sijaona aliyevunjika nyonga akiambiwa ni uzee tu, ainuke atembee.

Sasa njiti. Vipimo vya zamani vya kumbukumbu vilitungwa na watu wa kalamu kwa ajili ya watu wa kalamu: andika sentensi, nakili mchoro, toa saba kwenye mia, kisha toa saba tena. Bibi ambaye hakuwahi kushika penseli angefeli huku akili yake ikiwa timamu kuliko ya mpimaji, na anayekumbuka deni la debe la ulezi la miaka kumi iliyopita angeandikiwa kwamba hana kumbukumbu. Watafiti waliofanya kazi Hai wakaliona hilo, wakatengeneza kipimo kinachoitwa IDEA, kikajaribiwa huko na Nigeria pia. Mzee anaulizwa leo ni siku gani na kiongozi wa kijiji ni nani. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anaeleza daraja ni nini. Anasomewa maneno kumi, na baadaye anaombwa ayarudie. Halafu mpimaji anapanga njiti nne za kiberiti kwa umbo fulani na kumpa nyingine nne apange vilevile. Hakuna umeme, hakuna mashine ya kuagizwa, hakuna mzabuni. Nafikiri hapo ndipo kipimo hiki kilipojiharibia: kifaa chake cha bei kubwa kinauzwa kwenye genge.

Na watu wa kukibeba mmeshawatafuta. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Watapita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za chandarua, choo na wajawazito, na kwenye nyumba nyingi kati ya hizo kuna mtu ameketishwa kwenye mkeka nyuma ya mlango, ambaye hakuna swali linalomfikia. Ombi langu ni waongezewe njiti nne kwenye begi na siku chache za mafunzo. Pendekezo la kumpeleka kila mzee kwa bingwa sitalijibu kwa urefu: kutoka hapa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka mmoja kabla ya ile Sheria ya Uchawi, iko mbali zaidi.

Wachumi wako watauliza faida ya kupima ugonjwa usio na dawa ya kuponya. Ni swali la haki. Lakini UKIMWI ulipoonekana Kagera mwaka 1983 nao haukuwa na dawa, nao uliitwa kulogwa, na hatukusubiri dawa ndipo tuutaje. Tena si kila anayechanganyikiwa ana Alzheimer: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, hata maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumfanya mzee asijijue, na hayo yana tiba. Asiyepimwa anazikwa na ugonjwa uliotibika. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja vihatarishi 14 vya demensia, miongoni mwao presha, kisukari, uziwi, macho yasiyotibiwa na kukosa shule, na kukadiria kuwa visa karibu nusu duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa vyote vikishughulikiwa. Presha wizara yako inapima tayari. Kwa hiyo anayesema tushughulikie kwanza malaria na wajawazito, ndipo tuwafikie vikongwe, anapanga foleni mahali ambapo mlango ni mmoja na mhudumu ni yuleyule.

Limebaki pingamizi lililo tamu kuliko yote, nalo husemwa kwa kifua mbele: sisi Waafrika tunatunza wazee wetu, hayo ya vyama na watetezi ni ya Wazungu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo iliitaja familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo. Naiheshimu sana familia. Ila ukiifunua, familia ni mwanamke mmoja. Ndiye anayemfulia, anayemlisha, anayelala mlangoni ili bibi asitoke, anayeulizwa na jirani amemfanyia nini mama mkwe, na ambaye mume wake yuko Tunduma anatafuta. Kumsifu mwanamke huyo ndiyo sera ya bei nafuu kuliko zote tulizowahi kutunga. Zanzibar walianza mwaka 2016 kumpa kila aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama ana watoto, na sijasikia kwamba Waunguja waliacha kuwapenda mama zao.

Mei 2017 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mjini Geneva mpango wa demensia wa hadi mwaka 2025, na nchi yetu ni mwanachama. Lengo la kwanza lilikuwa robo tatu ya nchi ziwe na sera au mpango wake wa taifa ifikapo mwaka huo. Mwaka 2025 ukafika, mataifa yakatazamana, muda ukasogezwa hadi 2031. Nilitaka kuandika hapa kwamba wakubwa nao wamepoteza kumbukumbu. Nimeifuta sentensi hiyo. Mtetezi haanzi kazi kwa kuwatukana anaowatetea: mwenye Alzheimer hasahau kwa kupenda, na hapandishwi cheo kwa kusahau.

Nikipewa kazi hii, nitaingia kwenye mikutano ya mtaa na mabaraza ya wazee, na kwa paroko pia, maana wengi huanzia kwake kabla ya zahanati. Nitautaja ugonjwa kwa jina lake, na anayeanza kuugua, akiwa bado ana maneno, nitampa nafasi aseme yeye kwanza, kama walivyosema wanaoishi na VVU tukawaamini wao kuliko mabango. Mshahara sidai. Nadai barua yenye muhuri wa wizara yako inayosema mtu huyu ni mgonjwa, ili alfajiri ile, watu wakiwa wameshamzunguka bibi pale ghalani, niwe na karatasi ya kuwaonyesha.

Naomba kuwasilisha.

Mwombaji,
Pito

Nakala: Mkuu wa Wilaya ya Sumbawanga, kwa kuwa sheria ya mwaka 1928 inamtambua yeye.